Uso Usioonekana: Kufifia kwa Filamu za Kidini katika Sinema Kuu ya Marekani

Katika *Ben-Hur* ya mwaka 1959, iliyoongozwa na William Wyler, msafara wa wafungwa unafika Nazareti. Akida wa Kirumi anaamuru kwamba Yuda Ben-Hur asipewe maji. Mtu mmoja wa mji huo anainama na kumnywesha. Akida anamjia kwa hasira, kisha anautazama uso wake na kuishiwa neno. Anageuka, anasita, anatazama tena. Sisi watazamaji hatuuoni uso huo. Tunamwona akida tu.

Tunaanzia hapo kwa sababu kufifia kwa filamu za kidini katika sinema kuu kumezoeleka kuelezwa kwa hoja moja: kwamba jamii za Magharibi zimepoteza imani, na Hollywood ikafuata. Hoja hiyo haitoshelezi. *The Passion of the Christ* ya Mel Gibson (2004), iliyogharimu takriban dola milioni 30 na ambayo wahusika wake huzungumza Kiaramu na Kilatini, ilikusanya zaidi ya dola milioni 600 duniani. Waumini walikuwapo, na walilipa kiingilio. Aliyetoweka, kwa maoni yangu, ni akida: yule mtazamaji asiyeamini ambaye filamu ilimhesabu kuwa sehemu ya hadhira yake.

Studio za miaka ya 1950 hazikumjali kwa ukarimu. Televisheni ilikuwa imewanyang'anya watazamaji, nazo zikahitaji kisa kikubwa, skrini pana na hadhira ya kila dhehebu, pamoja na wasio na dhehebu. Ulazima huo wa kibiashara ulizaa nidhamu ya kisanaa: utakatifu uliachwa pembeni mwa picha, ukajulikana kwa athari zake kwa wengine. Nidhamu hiyo ilianza kulegea mapema. Katika *The Greatest Story Ever Told* (1965) akida aliye msalabani ni John Wayne, na mtazamaji humtambua nyota kabla hajasikia ungamo. (Wahakiki wamelicheka jambo hili kwa miongo mingi, nami siwalaumu.) Filamu hiyo haikurudisha gharama zake, na studio zikaanza kujiondoa.

Mafanikio ya Gibson hayakuzirudisha katika njia ya Wyler. Studio kubwa zilikuwa zimejitenga na filamu yake. Baada ya mapato kutangazwa, zilijifunza kwamba waumini ni soko linaloweza kufikiwa kupitia makanisa. *Ben-Hur* ya mwaka 2016 ni tunda la somo hilo. Humo Kristo ana uso, wa mwigizaji Rodrigo Santoro, na anazungumza: anafundisha upendo kwa maneno ambayo muumini anayajua tayari na asiyeamini hapewi sababu ya kuyajali. Iligharimu takriban dola milioni 100, na mapato yake ya kumbi za sinema duniani hayakufikia kiasi hicho. Waliolaumu uchaguzi wa waigizaji au mbio za farasi waliyaona makosa madogo. Kosa kuu ni kwamba filamu ilidhani inamjua mtazamaji wake.

Ufichaji huu si mali ya Ukristo pekee. Katika *The Message* ya Moustapha Akkad (1976) Mtume haonekani wala hasikiki. Wahusika huikabili kamera kana kwamba wanamkabili yeye. Kikwazo cha kidini kiligeuka kuwa mbinu, na mtazamaji wa imani yoyote anajikuta amewekwa mahali pa kutazamwa na kuulizwa.

Kwetu Afrika Mashariki suala lina sura nyingine. Kumbi nyingi za sinema zilifungwa, na baadhi ya zile za Nairobi zikageuzwa kuwa makanisa. Kwa watu wengi wa vijijini, filamu ya kidini ni *Jesus* ya mwaka 1979, iliyotiwa sauti ya Kiswahili na kuonyeshwa usiku kwenye kitambaa katika viwanja vya shule na masoko. Waliotayarisha maonyesho hayo walikusudia uinjilisti, na filamu yenyewe haifichi lolote. Lakini hadhira ya uwanjani ilikuwa mchanganyiko kuliko ile ya Hollywood ya leo: Waislamu, Wakristo, wazee waliokuja kwa heshima, watoto waliofuata mlio wa jenereta.

Uhakiki wa Kiswahili haujawapa nafasi inayowastahili, na katika mijadala ya sera filamu ya kidini huulizwa zaidi kama itakashifu imani ya mtu au kama inafaa kwa umri fulani. Maswali hayo yana nafasi yake. Hata hivyo, anayeshauri kuhusu ruzuku na mafunzo ya utayarishaji anahitaji swali jingine kabla ya kuuona mswada wa filamu wa aina hii kuwa shauri la kanisa au msikiti: je, asiyeamini amewekewa kiti? Waliokaa chini katika viwanja vile wangali hai, na wanaweza kuhojiwa walichokiona.