Theluthi Mbili za Kikombe

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwenye trei ya kwini keki kibaba hakitakiwi kijae. Kikombe hutiwa rojo theluthi mbili, theluthi ya juu ikaachiwa moto. Ukizidisha, rojo hufurika na keki zikashikana vichwa. Ukipunguza, unatoa kitu bapa kilichokauka kabla hakijaumuka.

Meru na Embu kipimo hicho hakina mchezo. Miji yote miwili imekaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, hivyo gesi inayotolewa na baking poda hutanuka zaidi kuliko Mombasa. Vipimo vya Pwani vikiletwa huku bila kurekebishwa, keki hupanda kwa pupa, kisha hubonyea katikati. Kule Timau, kwenye mashamba ya ngano yaliyo juu ya mita 2,000, mwokaji mwenye akili hupunguza baking poda na hata kina cha rojo.

Sasa tazama mikono ya mtu aliyeizoea kazi hii. Kabla ya chochote anakwangua kitako cha bakuli kwa mwiko, maana majarini ambayo haikuchanganyika hupenda kujificha huko, na ikiachwa, keki mbili za mwisho zitatoka na mabaka mazito. Kisha anashika vijiko viwili. Kimoja kinachota, na mgongo wake unapanguswa kwenye ukingo wa bakuli ili uzi wa rojo ukatikie hapo hapo. Kinashushwa mpaka kinakaribia kugusa karatasi ya kikombe, ndipo kijiko cha pili kinapolisukuma rojo likatua katikati, donge moja. Halisambazi. Majarini ikiyeyuka, rojo hulainika na kufika pembeni lenyewe. Kijiko kinapoinuliwa huzungushwa kidogo, na ule mkia uliotaka kudondoka njiani hujikunja ukarudi juu yake.

Wengine wana kile kijiko cha aiskrimu chenye kifyatuo, nacho husaidia kwa sababu kila mchoto hutoka sawa. Rojo la ndizi mbivu, zile zinazolimwa kwa wingi upande wa Mitunguu, huwa jepesi na humiminwa kwa jagi. Makadamia ya Embu yana adabu yake: hukatwakatwa yalingane na punje za mahindi, la sivyo huzama kwenye kitako cha bakuli, kikombe kimoja kikapata makadamia yote na jirani yake kisipate hata moja. Ndiyo maana mwokaji hukoroga polepole mara moja moja huku akijaza. Hakorogi sana, asije akaua hewa iliyo ndani, wala halazi kazi, kwa kuwa baking poda huanza kufanya kazi pale tu inapolowa.

Tone likianguka kwenye bati kati ya vikombe, kitambaa chenye unyevu kinapita papo hapo. Tone hilo ni jembamba, hivyo litaungua mapema, litoe moshi na kung'ang'ania bati.

Unadhifu huu una sababu nzito zaidi kwa wanaooka kwa makaa. Wengi hutumia sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko. Hakuna kioo cha kuchungulia. Kila ukifunua, joto linatoroka na majivu yanapata njia. Kikombe kilichotiwa kidogo kitakauka huku kilichojazwa sana kikiwa bado kibichi moyoni, na hakuna namna ya kukiondoa kimoja ukakiacha kingine. Usawa usipopatikana kwenye kijiko, motoni umechelewa.

Dukani nako keki zote ni bei moja. Mteja akiona moja imenenepa, ataitaka hiyo, na wa baada yake atauliza kwa nini yake ni ndogo. Muuza duka ataishia kubaki na zile nyembamba mpaka zikauke. Zikiwa sawa, hakuna anayechagua. Mwokaji aliyefikisha trei yake hapo amewapimia watu haki, na anastahili kulipwa kama fundi.