Jeneza ambalo Kha alimwachia mkewe

Tangu niliporudi kutoka hija ya Jubilei ya mwaka 2025, watu wa parokia wananiomba niwaandikie habari za Roma. Wapenzi wasomaji, habari za Roma mapadri wataziandika vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kutoa maoni yangu juu ya saa mbili tulizotembezwa katika makumbusho ya Misri ya kale, mjini Torino, Italia ya kaskazini. Saa hizo zimenifikirisha kuliko nilivyotazamia, tena zimenigombanisha na Padri wetu, ugomvi wa upendo, ambao mpaka leo haujaisha.

Torino tulikwenda kwa ajili ya Don Bosco. Sisi watu wa Katanga twajua deni letu kwake, maana wanawe Wasalesiani walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911. Siku ya kwanza tulisali Valdocco, katika Basilika ya Maria Msaada wa Wakristu, mbele ya sanduku la kioo la mtakatifu huyo. Siku ya pili mfadhili mmoja, rafiki wa Padri, akatulipia matembezi ya makumbusho: watu watatu tu, yaani Padri, frateri mmoja na mimi, pamoja na kiongozi wetu wenyewe. Kiongozi hakuwa mtumishi wa nyumba ile. Alikuwa mama wa makamo, msomi, mwenye Kifaransa safi, ambaye kazi yake ni kutembeza wageni.

Nyumba yenyewe ilijengwa karne ya 17 iwe shule ya Wayesuiti kwa watoto wa wakubwa. Makumbusho yalianza mwaka 1824, Mfalme Carlo Felice aliponunua kwa mara moja vitu zaidi ya 5,000 vya Bernardino Drovetti, mtu wa Piemonte aliyekuwa konsuli wa Ufaransa huko Misri. Kama makonsuli wengine wa siku zile, Drovetti alikuwa na watu wake wa kuchimba na wa kununua. Wenye nchi walisema nini, hatukuelezwa. Nakiri kwamba nasi hatukuuliza.

Kwanza nimsifu mama huyo, maana anastahili. Mtu anayetembezwa peke yake hasukumwi na watu, aweza kusimama, aweza kuuliza hata swali la kitoto. Mimi niliuliza: walijuaje kusoma maandishi haya ya ndege na macho, ikiwa watu wote walioyajua walikwisha kufa? Hakucheka. Alituketisha, akatueleza habari za Champollion, Mfaransa aliyefumbua maandishi hayo mwaka 1822, na ambaye miaka miwili baadaye alifika katika nyumba hiyohiyo kusoma. Huko alikuta ndani ya takataka za mafunjo yaliyovunjika vipande vya orodha ya wafalme wa Misri, vipande vidogo kama majani makavu, akaanza kuviokota. Nilimwona yule kijana ameinama mezani, akiogopa hata kupumua. Kiongozi afanyaye hivyo amefanya kazi yake.

Lakini kisha alitupeleka kwa wafalme, na hapo ndipo ninapoanza kulalamika. Zaidi ya saa nzima tulikaa kati ya sanamu kubwa za mawe. Sikatai kwamba ni za ajabu. Ramses wa Pili ameketi pale, jiwe jeusi linalong'aa, kichwa kimeinama kidogo kama mkubwa anayesikiliza mashtaka ya raia wake. Wengi wamemdhania kuwa ndiye Farao wa Musa, ingawa Maandiko hayamtaji kwa jina lake. Frateri alipiga picha nyingi. Tulipewa urefu, uzito, ukoo, vita na wake. Mwishowe masikio yangu yalichoka, nikawa naitikia tu kama mtoto wa katekisimu asiyejua jibu.

Kwa Kha na Merit tulipewa dakika 12. Nilitazama saa.

Sasa niwaeleze Kha ni nani, kwa sababu kwangu mimi makumbusho yote yalikuwa katika chumba hicho. Alikuwa mkuu wa kazi katika kijiji cha mafundi waliochimba makaburi ya wafalme, karibu miaka 1,400 kabla ya Kristu. Leo kijiji hicho huitwa Deir el-Medina, jina la Kiarabu lenye maana ya monasteri ya mji, kwa kuwa baadaye Wakristu Wakopti waligeuza hekalu la mahali pale kuwa nyumba ya wamonaki. Mwaka 1906 Ernesto Schiaparelli, mkurugenzi wa makumbusho ya Torino, alilikuta kaburi la Kha na la mkewe Merit halijaguswa na wezi. Msomaji wa gazeti la misioni apendezwe kujua kwamba huyo Schiaparelli ndiye aliyeanzisha, mwaka 1886, chama cha kuwasaidia wamisionari wa Italia. Wakubwa wa Misri walimpa ruhusa ya kuchimba, wakamwachia karibu vitu vyote vya kaburi lile. Hakuchukua kwa njia za Drovetti, na haki yataka tuseme hivyo.

Vitu hivyo ni zaidi ya 400, lakini kwa mtu wa kijijini si vigeni. Kuna viti, vitanda, masanduku, ndala, vyungu, nguo za kiunoni zenye alama ya mwenyewe ili zisichanganyike kwa wafuaji. Kuna vitunguu na tende. Kuna nywele za bandia za Merit ndani ya kabati lake. Na kuna mikate. Mikate ya kweli, wapenzi wasomaji, iliyokandwa na mikono ya mtu, mingine mviringo, mingine yenye umbo la namna nyingine, imekauka na kuwa na rangi ya udongo. Mimi niliyefundisha watoto miaka mingi habari za Yosefu na ghala zake, sijapata kufikiri kwamba mkate wa Misri ungeweza kunitazama usoni.

Karibu na kitanda palikuwa na kitegemeo cha kichwa, cha mti. Nilimwambia kiongozi: mama, kwetu wazee wa Kiluba walilalia vya namna hii hii, wakavichonga kwa ustadi. Alishangaa. Alisema hakuna mgeni aliyepata kumwambia hivyo. Nikawaza kwamba Misri iko Afrika, na kwamba habari hiyo hatukuisikia hata mara moja katika muda wa saa moja na nusu.

Bado sijasema jambo kubwa. Merit alikufa kwanza, kabla ya majeneza yake kuwa tayari. Kha akatoa jeneza alilokuwa amejitengenezea mwenyewe, lenye jina lake Kha, akamlaza mkewe ndani. Lilikuwa kubwa mno kwake, basi nafasi iliyobaki ikajazwa nguo. Kiongozi alitaja jambo hilo mbiombio, kama mtu atajaye namba ya nyumba, akageukia kipimo cha dhiraa kilichopakwa dhahabu ambacho Farao Amenhotep wa Pili alimtunukia Kha. Nampinga hapo kwa nguvu zangu zote. Zawadi ya Farao yaonyesha kwamba Kha alimpendeza mfalme. Jeneza laonyesha kwamba alimpenda mkewe. Nimehudhuria maziko mengi, nimewaona wanaume wakihesabu franka za mbao kabla machozi hayajakauka. Yule aliyempa mkewe jeneza lake mwenyewe, ingawa hakubatizwa, ningemweka mbele ya wachumba wanaojiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa.

Kuna kitu kingine ambacho hatukuonyeshwa. Nyumba hiyo yahifadhi mafunjo yenye habari za mgomo, yaliyoandikwa katika mwaka wa 29 wa Ramses wa Tatu. Mafundi wa kijiji kilekile cha Kha, zaidi ya miaka 200 baada yake, hawakupewa posho yao ya nafaka. Wakaacha kazi, wakapita kuta za makaburi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu. Walisema kwamba njaa na kiu vimewaleta, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, nao wakataka Farao mwenyewe apelekewe habari. Niliyasoma hayo kabla ya safari, nikauliza. Kiongozi alijibu kwamba ayajua sana, lakini wageni wengi hupendelea wafalme. Jibu lake lilikuwa la kweli, na lilinihuzunisha. Nani kati yetu, katika nchi ya migodi, asiyejua maana ya mshahara uliochelewa?

Tufike kwa wafu. Katika vioo vya Torino wamo watu. Mmoja ni wa zamani kuliko wafalme wote, amekufa zaidi ya miaka 3,500 kabla ya Kristu. Amelala ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, kama mtoto aliyeshikwa na baridi. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba mwili wake ulipakwa mafuta ya mimea na utomvu wa mti uliopashwa moto, wakatambua kwamba ufundi huo ni wa kale kuliko ilivyodhaniwa. Kha na Merit wamo pia. Hawakufunguliwa vitambaa vyao kamwe. Mwaka 1966 walipigwa picha za eksirei, ndipo ikaonekana dhahabu shingoni mwao.

Mbele ya yule aliyejikunja, kiongozi alisema: hiki ni kimoja cha vipande vyetu vizuri sana. Kipande! Nilivua kofia yangu. Padri akaniuliza polepole: Mwalimu, una nini? Nikamjibu: Padri, huyu ni mtu.

Sisi Wakongo hatuwezi kupita mbele ya mfupa wa mtu katika kabati la Ulaya na mioyo mitupu. Mwaka 1884 watu wa ofisa Mbelgiji Storms walimkata kichwa chifu Lusinga wa Watabwa, karibu na Tanganyika, na fuvu lake likasafirishwa hadi Ubelgiji. Jino la Patrice Lumumba, aliyeuawa mwaka 1961, lilirudishwa kwa wanawe mwaka 2022, na taifa lote lilisimama. Sisemi kwamba Schiaparelli ni kama Storms. Sivyo hata kidogo. Nasema kwamba tumefundishwa na uchungu.

Padri hakukubali. Tulipoketi kunywa kahawa alinipinga hivi: jana, Mwalimu, ulipiga magoti mbele ya Don Bosco, naye yumo ndani ya kioo. Masalia ya watakatifu yamo katika vioo katika dunia nzima. Ikiwa kioo ni dhambi, basi Kanisa lilitangulia. Tena Yosefu mwana wa Yakobo mwenyewe alipakwa dawa kwa desturi ya Misri, akawekwa sandukuni!

Nilinyamaza muda mrefu, maana hoja yake ina nguvu. Nilimjibu kwanza juu ya Yosefu. Aliwaapisha ndugu zake waihamishe mifupa yake, na Musa aliibeba siku ya kutoka, ikazikwa Shekemu. Mwenyewe hakutaka kubaki katika nchi ya ugeni. Juu ya Don Bosco nilijibu kwamba sikioni kioo kuwa kosa. Tofauti i katika magoti. Huko Valdocco hakuna aliyetueleza uzito wa sanduku. Tulikaa kimya, tukaliita jina lake, tukaomba. Katika makumbusho tulipewa namba, tukasogea. Padri akasema: basi tatizo lako ni kiongozi, si makumbusho. Nikasema: labda. Akasema: au ni wewe, uliyengoja kiongozi akuruhusu kusali. Hapo alinishinda, na mpaka leo sijapata jibu.

Wamisri wenyewe walikwisha kueleza mgeni afanye nini. Katika mawe ya makaburi yao mara nyingi wanawaita walio hai wapitao njiani, wawaombe wasimame, walitaje jina la marehemu, wamtakie mkate na bia, kwa kuwa pumzi ya kinywa haimgharimu mtu kitu. Mama wetu aliyajua hayo barabara. Tulipobakiza dakika chache nilimwomba aturudishe, si kwa Ramses, bali kwenye jiwe lolote la mtu wa kawaida, atusomee kwa lugha yake. Alisita, kisha akakubali. Alisoma polepole, akifuata kwa kidole hewani: sadaka ya mfalme, mkate, bia, ng'ombe, ndege, na jina la yule mtu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nadhani hata yeye alikuwa hajalisoma hivyo siku nyingi, kwa ajili ya mwenyewe aliyeandikwa.

Nami nilikumbuka kwamba katika Sala ya Ekaristi ya nne twawaombea pia wafu wote ambao Mungu peke yake ajua imani yao. Niliisema sala ya marehemu moyoni, kwa ajili ya yule wa jiwe, na ya Kha, na ya Merit katika jeneza la mumewe, na ya yule aliyejikunja ambaye jina lake hakuna alijuaye. Nilipoinua macho, Padri naye alikuwa amevua kofia. Kiongozi akatazama saa yake. Mlangoni watoto wa shule walikuwa wanaingia wawili wawili, na mwalimu wao alikuwa akiwaambia waharakishe, wasikose sanamu za wafalme.