Muhuri, Chapa na Lakiri: Uhakiki wa Istilahi za Mihuri ya Mpira na Kazi za Karatasi

Miongoni mwa istilahi zilizoshughulikiwa mapema tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, zile za ofisi zilikuwa na haraka kupita nyingine. Sababu yake inajulikana. Mnamo Januari mwaka huo huo serikali ilikwisha agiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na karani hakuweza kungoja wataalamu wamalize mashauri yao. Ndivyo tulivyopata masijala, jalada, waraka na kadhalika. Hata maneno yaliyochongwa juu ya mpira, yaani IMELIPWA, IMEPOKELEWA, SIRI na NAKALA, yamezoeleka kiasi kwamba hakuna tena ayaonaye kuwa ni tafsiri. Lakini chombo chenyewe kiyabebacho maneno hayo, na karatasi iyapokeayo, havikupata msamiati wa kutosha. Tuna neno la mamlaka. Hatuna maneno ya mkono unaofanya kazi. Upungufu huo ndio unaohakikiwa hapa.

Mahali pa kuupimia tumepachagua Kansay, kata ya Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha. Huko wenyeji wengi huzungumza Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi. Katika nchi hiyo ya Karatu na Ngorongoro husikika pia Kidatoga na Kimaasai, ambazo ni lugha za Kinailoti, na kandokando ya Ziwa Eyasi Kihadzabe chenye sauti zake za vidoko. Kiswahili huko kwa wengi ni lugha ya shule, ofisi na soko. Mtu wa mwambao akikutana na istilahi mbovu huweza kujisaidia kwa hisia ya lugha aliyonyonya. Mtu wa Kansay hulazimika kuichukua istilahi kama ilivyo. Kwa hiyo istilahi isiyojieleza humwumiza yeye kwanza. Na maneno tunayoyahakiki humfikia katika sehemu mbili: ofisi ya mtendaji wa kijiji, na darasa la shule ya msingi.

Tuanze na muhuri. Neno hili lilitufikia kutoka Kiajemi, na tangu zamani limebeba mambo mawili kwa pamoja: chombo kinachopigwa, na alama inayobaki juu ya karatasi. Karani husema "lete muhuri" akimaanisha chombo, kisha husema "barua hii haina muhuri" akimaanisha alama. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, kwa kuwa macho hukamilisha maana. Katika maandishi mambo huwa mengine. Mtu akisoma kwamba mshtakiwa alikutwa na mihuri mitano ya kughushi, aelewe nini? Kwamba alikuwa na vyombo vitano, ambavyo kwavyo angeweza kughushi hati elfu? Au kwamba alikuwa na karatasi tano zenye alama za uongo, ambazo pengine aliuziwa na mwingine? Tofauti ya hatia ni kubwa, na lugha haikuionyesha. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Tangu hapo mfasiri hana tena ruhusa ya kuliacha jambo kama hili likae katika ukungu.

Ajabu ni kwamba mfugaji alikwisha utatua mkanganyiko huu bila kamati yoyote. Upigaji chapa wa ng'ombe, uliopata nguvu mpya kwa Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, umeeneza maneno mawili yasiyogongana. Chuma ndicho kinachotiwa motoni. Chapa ndiyo inayobaki ubavuni mwa mnyama. Mfugaji haweki chapa motoni, wala hasemi kuwa ng'ombe wake ana chuma. Ingefaa karani ajifunze hapo.

Hata hivyo hatupendekezi neno chapa lihamishwe zizini na kupelekwa ofisini, maana mzigo lililo nao umetosha. Neno hilo la asili ya Kihindi hutaja alama ya mnyama, alama ya bidhaa, na kazi ya kuchapa vitabu. Mpigachapa Mkuu wa Serikali hapigi muhuri wala hachomi ng'ombe. Tunapendekeza muhuri libaki kuwa jina la chombo, na kinachobaki katika karatasi kiitwe alama ya muhuri. Yasemwe maneno yote mawili kila palipo na uwezekano wa shaka, kwa sababu alama peke yake katika hati zetu hutaja pia dole gumba la mtu asiyejua kuandika.

Jambo zito zaidi limo katika neno lakiri. Asili yake ni nta ngumu iliyoyeyushwa kwa moto na kudondoshwa juu ya barua ili ifungike. Nta hiyo imekwisha toweka katika ofisi nyingi, lakini neno limeishi kwa kubadili makazi. Siku hizi sanduku la kura hufungwa kwa lakiri ya plastiki. Na katika lugha ya sheria, lakiri ndiyo nembo rasmi ya chombo chenye nafsi ya kisheria. Watu wengine huiita ile nembo inayokanyaga karatasi ikaacha mwinuko muhuri wa moto, ingawa hakuna moto uliobaki. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 iliipa halmashauri ya kijiji kuwapo daima na kuwa na lakiri yake yenyewe. Halmashauri za vijiji vya Kansay nazo ni warithi wa kifungu hicho.

Sasa mfasiri anayeandika "kugongwa muhuri" kila akutanapo na lakiri anafanya kosa ambalo gharama yake hulipwa na mkulima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka hati ya hakimiliki ya kimila itiwe saini na mwenyekiti na katibu wa halmashauri ya kijiji. Anayepewa haki aweke saini au alama yake chini ya kila ukurasa. Kisha afisa ardhi wa wilaya aitie saini, aitie lakiri na kuisajili. Mkulima aliyeambiwa kwamba hati yake "imegongwa muhuri" hutazama duara la buluu lililopigwa kijijini, akaridhika, akaifungia karatasi sandukuni. Hatua ya wilaya, ambayo ndiyo inayoikamilisha hati, haikufanyika. Na neno alilopewa halikumwonyesha kwamba kuna kilichosalia. Kwa mintarafu hii hatuoni nafasi ya hiari. Penye lakiri katika sheria iandikwe lakiri, na muhuri wa mpira uitwe muhuri wa mpira.

Kuna pia wale wanaosema stempu. Neno hilo lina kazi zake nyingine: stempu ya posta, stempu ya kodi inayobandikwa kwenye chupa, na ule ushuru wa stempu wenye sheria yake. Kuliongezea muhuri ni kumtwika punda mzigo wa nne. Lakini madukani bado tunauziwa "stempu pedi", na hapa wahakiki wengi hukimbilia kidau cha wino. Hawakufikiri vema. Kidau ni kichupa, na wino wake ni wa kuchovya kalamu. Kifaa tunachokizungumzia hakina shimo, bali kina kitambaa au sponji iliyolowa. Wengine wamependekeza mto wa wino, na picha yake ni nzuri, ila hapo Kiswahili chenyewe hututania: mto ni wa kulalia na mto ni wa maji, na ukitaka kuudogosha unapata kijito. Mwanafunzi atakayeambiwa alete kijito cha wino asilaumiwe akicheka. Pedi nalo darasani limekwisha chukuliwa na taulo za kike, na mwalimu wa darasa la sita anajua tunachokisema. Kwetu sisi sponji ya wino ndilo neno jepesi. Linajieleza, na linamwambia mtumiaji kifaa kikoje.

Tukifika kwenye utunzaji, upungufu wa maneno unageuka kuwa uharibifu wa mali. Maduka huuza "wino wa muhuri" bila kufafanua. Lakini wino ni wa namna mbili. Upo wa maji, unaofaa mpira. Na upo wa mafuta, uliotengenezwa kwa mihuri ya chuma. Mpira wa asili ukikaa na mafuta huvimba, herufi zake hulegea, na matundu ya o na a huziba. Lau chupa zingeandikwa wino wa maji na wino wa mafuta, maneno ambayo hata mtoto anayaelewa, mihuri mingi ingaliishi miaka zaidi. Kosa lilo hilo hurudiwa katika kusafisha. Mafuta ya taa katika vijiji vyetu ndiyo dawa ya kila uchafu, na muhuri uliojaa wino uliokauka huoshwa kwayo. Maji ya sabuni na kitambaa laini, au mswaki mkuukuu, vingetosha. Kisha muhuri ukaushwe kivulini, mbali na jua la dirishani, na usilaliwe na kitu kizito usoni. Sponji nayo ifunikwe ili vumbi jekundu la Karatu lisiilishe udongo, na ihifadhiwe ikiwa imepinduliwa, ili wino ushukie upande utakaotumika.

Maelekezo hayo yanahitaji majina ya sehemu, nayo si ya kubuniwa. Mpini upo katika jembe. Uso wa muhuri ndio ule wenye herufi. Herufi zenyewe, ambazo huchongwa kinyume ili zisomeke sawa zikipigwa, tungependa ziitwe herufi za kioo, kwa kuwa kila aliyejitazama anajua kioo hufanya nini.

Kitenzi ndicho kilichotuudhi zaidi. Katika ofisi zetu muhuri hugongwa, na neno limemfundisha mtu tabia. Ingia ofisi yoyote usikilize: meza inalia. Muhuri wa mpira hautaki kugongwa. Huguswa katika sponji mara moja au mbili, ukawekwa sawa juu ya karatasi, ukagandamizwa bila kuyumbishwa. Ukigongwa, wino hutapakaa kando ya herufi, alama ikatoka na kivuli, na mpira ukachakaa mapema. Kutia muhuri lifae kwa tendo la kisheria, kama lilivyofaa siku zote, na kugandamiza litumike katika maelekezo ya kazi. Kugonga tuwaachie mafundi seremala. Tunajua kwamba neno lililokwisha kaa midomoni halifukuzwi kwa makala, lakini vitabu vya mafunzo ya watumishi vinaweza kuliacha.

Kazi za karatasi zinazofanywa shuleni zina hali tofauti kidogo: maneno yapo, ila yamechanganywa. Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa karatasi ulioshonwa au kubandikwa kwa mkono umepata thamani mpya, na mwalimu anayetaka watoto wajifunze kwa vitendo hana mahali pepesi pa kuanzia kuliko hapo. Gazeti kuukuu, gundi, mkasi na rula vinatosha, na kiazi kikikatwa nusu na kuchongwa huwa muhuri wa kupambia mfuko huo. (Mifuko ya kitambaa iliyokuja kushika nafasi ya plastiki watu waliipa jina la mifuko mbadala. Mtoto aliyezaliwa baada ya marufuku atauliza: mbadala wa nini? Jina la kitu lisitegemee kumbukumbu ya kitu kilichokufa.)

Katika somo kama hilo kukunja na kupinda hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Karatasi iliyopindwa huweza kurudi ilivyokuwa. Iliyokunjwa huacha mkunjo. Vivyo hivyo kuviringisha na kusokota. Shanga za karatasi zinazotengenezwa Uganda hupatikana kwa kuviringisha ukanda mwembamba wa karatasi katika kijiti, gundi ikipakwa, kisha vanishi. Atakayeambiwa asokote atapata kamba, asipate ushanga. Tiara na kishada yote mawili yana haki yake, na hatuoni sababu ya kuua moja ili lingine lisanifishwe.

Lililobaki ni ule mstari unaokwaruzwa kwa ncha butu juu ya karatasi ngumu ya manila kabla ya kuikunja, ili mkunjo unyooke. Hakuna kazi ya boksi wala kadi isiyouhitaji, na bado tumezoea kuueleza kwa sentensi nzima. Kiswahili kina mfuo, yaani mchirizi uliochimbwa, na kutia mfuo lingefaa sana. Kasoro yake ni kwamba vijana wengi hawalijui tena. Utaratibu wetu wa kuunda istilahi hututaka tutazame kwanza Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za nchi hii. Kwa mpango huo Kiiraqw husimama mwisho wa foleni hata pale ambapo wenyewe ndio wafanyao kazi. Walimu wa Kansay na wa kata jirani wanaotumia neno lao kwa mstari huo, liwe la Kiswahili au la, waliandike pamoja na maelezo ya namna linavyotumika, ili lipimwe kando ya mfuo kabla neno lolote halijaingizwa katika orodha.