Fundi wa Kufufua Data

Mafundi wengi huwa tunawasifu kwa wepesi wa mkono. Fundi wa kufufua data namsifu kwa jinsi anavyojua kuuzuia mkono wake.

Kuanzia Tegeta hadi Mbagala, zipo nyumba zenye kisanduku kando ya ruta, chenye diski mbili au nne ndani. Mpiga picha wa harusi huweka humo sendofu na kichenpati za watu, na watoto wake nao huweka ya kwao. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, na ile taa ya kijani inageuka nyekundu. Dukani aliambiwa diski mbili zinazoandika kitu kilekile ni kinga tosha. Lakini mpango huo wa RAID, ulioelezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, unasaidia kazi iendelee diski moja ikifa. Shoti ikiingia kwenye kisanduku inazikuta zote mbili.

"Mama, tangu kizime umekiwasha mara ngapi?" fundi mmoja wa Temeke alimuuliza mteja mbele yangu.

"Nimejaribujaribu tu, mwanangu."

"Basi usikiwashe tena."

Alikuwa na sababu. Diski inayogongagonga huenda kichwa chake kimeumia, na kila ukiiwasha unakipa nafasi ya kukwaruza sahani. Tena kisanduku chenyewe kinaweza kuuliza kama kiziandae diski upya, na mwenye haraka akibonyeza ndiyo, ule mpangilio uliokuwa unaunganisha diski zote huweza kufutika.

Fundi anazichomoa diski na kubandika kila moja namba ya nafasi iliyotoka. Anaziunganisha na kompyuta ya kawaida yenye Linux, kwa kuwa visanduku vingi vya aina hii kwa ndani navyo ni kompyuta ndogo za Linux: bodi inaweza kuungua na data ikabaki salama. Hatengenezi chochote kwanza. Ananakili diski nzima kwenye diski nyingine nzima, na matengenezo yote atayafanya juu ya nakala. Programu anayoitegemea hapa ni ddrescue ya Antonio Diaz Diaz, nami naiona kama imetungwa na mtu aliyekaa Mwananyamala. Inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha inarudia zilizoharibika kidogokidogo, huku ikiandika ramani ya ilikofika. Umeme ukikatika usiku, fundi ataendelea kesho kutoka palepale.

Diski isipozunguka kabisa, ndipo utaona ufundi wa mkono. Kwenye bodi yake kuna diodi ndogo ambazo kazi yake ni kuumeza umeme uliozidi. Mara nyingi diodi hizo hufa kwa shoti ili kuikinga diski. Fundi anazipima kwa mita, anaing'oa iliyokufa, anatumia adapta nzima, na diski inaamka. Ikiwa bodi yote imeungua, kutafuta nyingine ya aina hiyohiyo mara nyingi hakutoshi, maana diski nyingi za kisasa zina vipimo vyake vya pekee ndani ya kichipu chenye miguu minane. Lazima kichipu hicho kihamishwe kwa bloa, na mkono uliozoea bodi za simu unaiweza kazi hiyo vizuri sana. Nimekaa kumtazama anavyokizungushia joto taratibu hadi risasi iyeyuke, anakinyanyua kwa kibano, nami nikajikuta nimebana pumzi.

Lakini kifuniko cha diski hafungui. Vichwa vyake huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Vumbi la barabara zetu likiingia humo, hakuna tena cha kufufua. Kumwambia mteja aliyekuja na matumaini kwamba kazi hii inataka chumba cha hewa safi, na kwamba yeye fundi hana, ni uaminifu ninaouheshimu kuliko bloa.

Kuna na siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuja, na ni jambo jema, lakini fundi mwenye adabu alishajiwekea sheria yake: anafungua mafaili machache, mteja mwenyewe akiwepo, kuhakikisha yanafunguka, basi. Mteja akishathibitisha kazi imekamilika, nakala ya fundi inafutwa.

Ugomvi huwa kwenye malipo. Wengi husema, kama picha hazikutoka, nalipia nini? Mimi nasema alipwe, kwa bei waliyokubaliana kabla diski haijaguswa. Amelisha mashine umeme wake usiku na mchana, amekesha nayo, na hakuiharibu diski zaidi ya alivyoipokea. Diski ikipelekwa siku moja kwa mwenye chumba cha hewa safi, bado kuna cha kusoma.