Saketi ya polepole: kwa nini anayeanza elektroniki aanze na 555

Anayetaka kujifunza elektroniki siku hizi hushauriwa anunue Arduino, ubao mdogo unaoendeshwa kwa programu, apakie programu ya kuwasha na kuzima taa, kisha asonge mbele. Taa humetameta kweli, lakini ukimuuliza umeme umepita wapi hadi ikawaka, jibu hana. Kazi yote imefanyika ndani ya chipu, kwa kasi isiyofuatika kwa jicho. Ninavyoona mimi, mwanzo bora ni saketi inayokwenda polepole, ambayo mwanafunzi anaweza kuikokotoa kwa kalamu, kuifuatilia kwa mita, na kuona mwenyewe pale hesabu na kipimo vinapopishana. Saketi hiyo imekuwa sokoni tangu mwaka 1972. Ni kipima muda cha 555.

Aliyeibuni ni Hans Camenzind, mhandisi mzaliwa wa Uswisi, mwaka 1971 akiwa California, kwa mkataba na kampuni ya Signetics. Mchoro wake wa kwanza ulihitaji miguu 9, kwa sababu kapasita ilijazwa na mkondo usiobadilika. Baadaye aling'amua kwamba rezista ya kawaida ingetosha. Miguu ikapungua hadi 8, na chipu ikaenea katika kasha dogo la bei nafuu.

Hapo ndipo penye fundisho. Kapasita inayojazwa kupitia rezista hujaa polepole zaidi betri inapochoka, kwa hiyo ungetarajia muda ubadilike. Haubadiliki. Ndani ya chipu kuna rezista tatu zilizo sawa, za kiloomu 5 kila moja, zinazogawa volteji ya betri katika mafungu matatu. Ichukulie kapasita kama pipa la maji lenye alama mbili, moja kwenye theluthi ya kina chake na nyingine kwenye theluthi mbili. Maji yakifika alama ya juu, bomba la kutolea hufunguka. Yakishuka hadi alama ya chini, hufungwa. Betri ikipungua nguvu, ujazo hupungua kasi, lakini alama nazo hushuka kwa uwiano uleule. Muda unabaki palepale.

Sasa tuijenge. Vifaa vinapatikana Luthuli Avenue, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam: chipu ya NE555, rezista ya kiloomu 10 (kahawia, nyeusi, rangi ya chungwa), ya kiloomu 100 (kahawia, nyeusi, njano) na ya omu 470, kapasita ya mikrofaradi 100, taa nyekundu ya LED, betri ya volti 9, mita, na ubao wa matundu wa kuchomekea vifaa bila kuchomelea. Mguu wa 1 unaenda hasi. Wa 4 na wa 8 inaenda chanya. Kiloomu 10 inakaa kati ya mguu wa 8 na wa 7. Kiloomu 100 kati ya wa 7 na wa 6. Unganisha mguu wa 6 na wa 2, kisha weka kapasita kutoka hapo hadi hasi, upande wake wenye alama ya kutoa ukielekea hasi. Kutoka mguu wa 3, pitia omu 470 hadi LED, kisha hasi.

Kabla ya kuunganisha betri, andika utabiri wako. Muda wa taa kuwaka ni 0.693 mara jumla ya rezista za kiloomu 10 na 100 mara kapasita, yaani sekunde 7.6 hivi. Muda wa kuzimika unahusisha kiloomu 100 peke yake: sekunde 6.9. Volteji ya kapasita itacheza kati ya 3 na 6.

Ukiwasha, mwako wa kwanza utakaribia sekunde 12. Usidhani umekosea kuunganisha. Mara ya kwanza kapasita inaanza kutoka sifuri; baada ya hapo inaanzia kwenye theluthi. Mwanafunzi akilielewa hilo peke yake, ameshaielewa nusu ya saketi.

Tofauti ya pili inatoka kwenye vifaa. Kapasita za aina hii mara nyingi huruhusiwa kupishana na thamani iliyoandikwa kwa asilimia 20, hivyo sekunde 7.6 kugeuka 9 si ajabu. Ya tatu inatoka kwenye mita. Mita nyingi za bei nafuu zina ukinzani wa ndani wa takribani megaomu 1, na mkondo unaovujia humo huchelewesha kapasita kujaa. Kwa hiyo pima muda kwanza mita ikiwa imeondolewa, kisha uirudishe usome volteji. Chombo cha kupimia nacho ni sehemu ya saketi, na fundi asiyejua hilo hulaumu kifaa kizima.

Halafu tumia betri nne za volti 1.5 badala ya ile ya volti 9. Mwanga utapungua na mita itacheza kati ya 2 na 4, lakini muda utabaki karibu uleule. Hesabu ya Camenzind umeithibitisha mezani pako.

Kaa kwenye betri kwa kipindi hiki chote. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu ndani ya chaja au redio, unaweza kuacha volti zaidi ya 300 kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa waya.

Hatua inayofuata ni kubadilisha kapasita moja tu: toa ya mikrofaradi 100, weka ya mikrofaradi 0.1. Mzunguko mzima uliochukua sekunde 14.5 sasa unachukua milisekunde 14.5, yaani mara 69 hivi kwa sekunde. Watu wengi wataiona taa inawaka mfululizo, na mita haitafuata tena. Saketi ni ileile, kanuni ni ileile, ila sasa kalamu ndiyo inayokuambia kinachoendelea. Ukiweza kuiamini kwa sababu umeshaijaribu pale ulipoweza kuona, nunua hiyo Arduino.