Mlango Umefunguliwa, Lakini Nani Yumo Ndani?

Waulize watu habari za shule ya kijiji chao, nao watakutajia hesabu ya vyumba na hesabu ya watoto. Ni wachache watakaokuambia ni watoto wangapi wa darasa la tatu wawezao kusoma barua na kueleza maana yake. Kasoro hii ndiyo nitakayo tuitazame.

Katika nchi yetu ya Tanzania, Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo mwaka 1977. Nia ilikuwa njema, lakini walimu hawakutosha; basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, watoto wakafurika tena. Na Januari 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Mara zote tatu mlango ulitangulia kufunguliwa, na walimu, vitabu na madawati vikafuata nyuma vikichechemea.

Matunda yake tuliyaona. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yalipotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba watahiniwa wapatao sita katika kila kumi wameshindwa kabisa. Tume ikaundwa, na madaraja yakapangwa upya. Lakini kubadili kibaba hakuongezi unga.

Wako wasemao kwamba kosa ni kufuta ada. Hasha! Mtoto wa maskini hakuwa na njia nyingine. Kosa ni kudhani kwamba palipo bila ada hapana wajibu. Wazazi wengi sasa hawafiki shuleni ila wameitwa, wala hawafunui daftari la mtoto.

Basi tufanyeje? Kwanza, darasa la kwanza lipewe mwalimu hodari kuliko wote. Shule nyingi humweka hodari katika darasa la mtihani, na wadogo, ambao ndio wengi, hupewa yeyote aliyebaki. Asiyejua kusoma akiwa mdogo atawezaje kufuata masomo ya mbele?

Pili ni lugha. Katika shule nyingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili muda wote wa shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza hukuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Hapo huacha kuuliza, akaanza kukariri. Ama Kiingereza kifundishwe vema tangu chini na walimu wakijuao, ama Kiswahili kiendelee mpaka juu. Kumwacha mtoto katikati ya mto si haki.

Tatu, mwalimu apelekwaye mbali apate nyumba. Akikosa mahali pa kulala, ataomba uhamisho kabla mwaka haujaisha. Fedha za serikali zitachelewa pengine, lakini kijiji chenye matofali na mafundi kitashindwaje kuanza?

Samaki mkunje angali mbichi. Mwezi huu kila mzazi na amwite mwanawe jioni, ampe kitabu, naye asome kwa sauti. Mzazi asiyejua kusoma na asikilize tu, kisha aulize hadithi ilihusu nini. Mtoto akishindwa kueleza, kesho mzazi huyo na aende kumwona mwalimu, si kwa ugomvi, bali wapate kushauriana.