Waya Mwekundu na Waya wa Njano: Betri Inakoishia

Gari likigoma kuwaka asubuhi, wa kwanza kulaumiwa huwa muuza betri. Mara nyingi kosa liko nyuma ya redio.

Redio nyingi zinazofungwa kwenye gari baadaye zina nyaya mbili za moto. Wa njano ni wa moto wa kudumu, na hutunza saa na vituo ulivyohifadhi. Mwekundu ni wa moto wa ufunguo: ukizima gari, unakosa umeme na redio inalala. Mweusi ni athi. Mgawanyo huo wa nyaya mbili ndio unaoilinda betri, na ndio fundi mwenye haraka anaouvunja. Mteja anataka muziki hata ufunguo ukiwa mfukoni, basi mwekundu na wa njano zinasokotwa pamoja na kazi imekwisha.

Tufanye hesabu. Redio iliyozimwa kwa kitufe tu, huku waya mwekundu ukiwa na moto, bado inakesha. Ikivuta miliampia 300, kwa saa 24 imekula ampia-saa 7.2. Betri ya ampia-saa 45 itapoteza karibu nusu ya chaji kwa siku tatu. Amplifaya ni hatari zaidi. Ina waya wake wa kuamshwa, kwa kawaida wa buluu wenye mstari mweupe. Ukiungwa kwenye moto wa kudumu, amplifaya hailali kamwe, na ikivuta ampia moja tu, siku moja inamaliza ampia-saa 24.

Kazi safi huanza na mita, kwa sababu rangi za nyaya za gari si lazima zifanane na za redio. Kwenye Toyota nyingi zinazotoka Japani, moto wa kudumu ni waya wa buluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo ni wa kijivu, na athi ni wa kahawia. Fundi makini hupima: ufunguo ukiwa kwenye ACC, yaani nafasi ya vifaa kabla ya injini kuwaka, asome volti 12, ukitolewa asome sifuri. Stata inapozunguka, moto wa ACC hukatika kwa muda, na hiyo ni dalili nzuri kwamba waya ndio wenyewe.

Mzigo mkubwa, kama taa za ziada, usipitishwe kwenye swichi ya ufunguo. Weka rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme: pini ya 86 ipate moto wa ufunguo, 85 iende athi, 30 itoke kwenye betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe, 87 iende kwenye taa. Ufunguo ukitoka, rilei inaachia.

Kifaa cha kufuatilia gari lazima kibaki na moto wa kudumu, la sivyo mwizi akizima gari hukioni tena. Hapo chagua kinachovuta kidogo. Kamera inayolinda gari likiwa limeegeshwa ifungiwe kikata-umeme, nami ningekiweka kikate volti zikishuka hadi 12.2. Betri iliyojaa husoma takriban 12.6. Ikishuka hadi 12.0 imebaki na kama robo ya chaji, na ikiachwa hivyo mara kwa mara, salfeti hujijenga kwenye sahani zake na uwezo wake haurudi wote.

Kuthibitisha kama kuna kinachokula betri gari likiwa limezimwa si kazi ngumu. Zima kila kitu, funga milango, tenganisha kebo ya hasi, kisha weka mita ya ampia kati ya kebo na betri. Usiwashe injini mita ikiwa hapo, fyuzi yake itaungua. Gari la kisasa lipe nusu saa mifumo yake ilale. Magari mengi husoma chini ya miliampia 50. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka kipimo kishuke, na mkosaji atajulikana.

Ndugu msomaji, kabla hujalipia redio mpya, mwombe fundi akupimie hivyo mbele yako. Akisema hana mita, tafuta fundi mwingine.